Siku Kibiriti Kilipopiga Mluzi

Leo nimechoreka kwa aibu. Tena kweupe, ukweni, jua likiwa juu na kila mtu amevaa nguo nzuri.

Naandika haraka kwa sababu kuna picha. Imepigwa na mtu ninayempenda, ameshaituma kwenye kundi moja, na nawajua nyie: mpaka jioni itakuwa imefika hata kijiji cha Kisawasawa. Kwa hiyo afadhali mnisikie mimi kwanza, halafu picha iwakute mmeshajiandaa. Nitaeleza kwa utulivu. (Njaa ninayo. Ukweni nilishindwa kula.)

Wengi mnakijua kigari changu. Ni bebi woka, rangi ya fedha upande mmoja, na upande wa pili rangi ya yule mpaka rangi aliyeniapia kwamba zikikauka zitafanana. Mtaani kwetu Mlabani wanakiita Kibiriti. Nilikasirika mwanzoni, siku hizi nakiita hivyo mwenyewe. Injini yake ni ndogo na imechoka. Kwenye tambarare kinakwenda bila maneno. Kikiona mwinuko kinaanza kulalamika.

Sasa kule kwa kina Minza kuna mwinuko.

Minza ni mchumba wangu, fundi cherehani hapa Ifakara. Baba yake, Mzee Maduhu, ni Msukuma mwenye ng'ombe wengi, anaishi ng'ambo ya mto, mbele ya Lupiro. Nyumba yake ameijenga juu ya kituta, kwa akili kabisa, ili maji ya masika yasimfikie. Mara ya kwanza nilipokwenda kujitambulisha, na mimi sikumfikia. Kibiriti kilizimika katikati ya kituta, kikarudi nyuma taratibu, kikaegemea banda la kuku. Mzee alikuwa amesimama juu na fimbo yake, anatazama. Hakucheka. Angecheka ningefurahi. Alisema tu:

“Kijana, mtu anayeshindwa na hiki kituta, mafuriko yakija atamtoaje binti yangu?”

Akaniambia nikajipange, nirudi baada ya mavuno na mshenga wangu, naye atasema neno lake. Ndiyo au hapana. Minza naye alishaniweka wazi: baba akisema hapana, ni hapana. (“Nakupenda Gasto, lakini baba ni baba.”) Kwa hiyo msione nazungumzia kituta. Nazungumzia ndoa yangu.

Nikaenda gereji. Hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu gereji yangu ina mafundi wawili. Wanatumia eneo moja, jeki moja, na birika moja la chai, na hilo birika ndilo jambo pekee wanalokubaliana.

Fundi Chidi alifungua boneti, akatazama, akafunga. “Toa hii injini. Tupa. Naweka kubwa, inaingia vizuri tu. Nakata kidogo hapa, nachomelea pale, unapanda mlima mpaka Mahenge unaimba.”

Fundi Sule alikuwa chini ya gari la mtu mwingine. Akajibu kutokea hukohuko chini. “Usimsikilize. Ukiweka injini kubwa humo pua inazama. Utabadilisha springi, utabadilisha gia boksi, utabadilisha breki, mwisho umenunua gari jingine na wewe mwenyewe hujui. Funga tabo.”

“Tabo inafanyaje?” nikauliza. (Nilikuwa najua. Nilitaka nionekane mnyenyekevu.)

“Moshi wako si unatoka bure? Tabo inautumia huohuo moshi kuzungusha feni, feni inasukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. Injini ileile, pumzi mbili.”

“Tabo kwenye injini iliyochoka?” Chidi akacheka. “Siku ya kwanza gasketi inaungua. Siku ya pili utaikuta pistoni iko mbele yako barabarani, imekusubiri.”

Shida ni kwamba wote wawili walikuwa na hoja. Nikitoka gereji asubuhi nimeamua injini. Mchana, nikiwa kazini pale mashine ya kukoboa mpunga, naanza kufikiria kuchomelea, kufuatilia kadi ya gari ibadilishwe, naona bora tabo. Jioni nafikiria joto la Ifakara na rejeta yangu inayovuja, narudi kwenye injini. Nyie wenyewe niliwauliza humuhumu. Mkagawanyika nusu kwa nusu, na mmoja akaniuliza kama nauza.

Masika yakaisha. Watu wakavuna. Mimi naamua.

Juzi Sule akaniita pembeni, akatoa mfukoni kitu kidogo cha bati, kama kipande cha bomba chenye tundu ubavuni. “Wakati unaamua, weka hii. Inaingia kwenye mdomo wa ekzosi. Moshi ukipita inalia kama tabo kabisa. Nguvu haiongezeki,” akasema, na hapa nampa haki yake, hakunificha, “ila heshima inaongezeka.”

Nilikubali palepale. Ndiyo uamuzi pekee wa haraka nilioufanya mwaka huu juu ya kile kigari. Sule akakikaza kifilimbi kwa skrubu, akaniambia hakitoki hata kwa maombi.

Basi. Leo asubuhi nikampitia baba mdogo Agapiti, ndiye mshenga wangu. Baba mdogo aliwahi kuwa kiongozi wa kwaya parokiani. Uongozi uliisha, ila yeye hakuarifiwa. Alikuwa amevaa koti, na mkono mmoja kautia mfukoni kabisa.

“Shikamoo baba mdogo.”

“Marahaba. Hotuba ninayo. Wewe usizungumze.”

Nyuma nilikuwa nimepakia gunia la pumba laini za mpunga, zile ng'ombe wanazozipenda kuliko chochote, iwe zawadi kwa mifugo ya Mzee. Niliona nimewaza kama mkwe hasa. Gunia halikutosha kwenye buti, kwa hiyo mlango wa buti nikaufunga kwa mpira wa tairi la baiskeli, ukabaki umeachama kidogo. Kumbukeni hilo gunia.

Nikawasha. Kibiriti kikalia: fiiiiiii.

Baba mdogo akageuka. “Kinalia nini?”

“Tabo, baba mdogo.”

“Umefunga?”

“Nimefunga.” (Kitu nilikuwa nimefunga. Sikuulizwa ni kitu gani.)

“Afadhali,” akasema, na akafunga mkanda kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Niseme ukweli, njiani nilifurahi. Watu walikuwa wanageuka. Darajani mama mmoja mwenye baiskeli alishuka kabisa akanipisha. Pale Lupiro nikasimama kuongeza maji kwenye rejeta, injini nikaiacha inaunguruma maana Kibiriti kikipata moto ukakizima, hakiwaki tena mpaka kisukumwe. Vijana wa bodaboda wakasogea.

“Bro, hiyo si tabo hiyo?”

“Ya kawaida tu,” nikasema.

“Funua boneti tuone.”

“Ina moto saa hizi.”

“Heshima yako, kaka.”

Baba mdogo akatoa kichwa dirishani: “Kijana wangu amejipanga!” Nikavimba. Sule alikuwa amesema kweli, heshima ilikuwa imeongezeka, na nilikuwa nayo yote mimi peke yangu.

Mbele ya Lupiro tukaacha barabara kubwa, tukashika njia ya kwenda kwa Mzee. Njia ni ya vumbi laini, mashamba ya mpunga pande zote yameshavunwa, ng'ombe wamefunguliwa wanakula mabua. Pale hukimbii. Nikaweka gia namba mbili, nikakanyaga mafuta kidogokidogo, na mlio ukabadilika. Haukuwa tena ule wa kelele wa barabarani. Ukawa mluzi mrefu, wa upole, unapanda kidogo na kushuka kidogo. Mzuri hata.

Nikatazama kioo. Nyuma yetu kulikuwa na ng'ombe.

Mmoja. Dume kubwa jekundu, paji jeupe, anatembea katikati ya njia kama mtu anayekwenda kazini. Nikatazama tena baadaye, wakawa wanne. Nikatazama tena, nikaacha kuhesabu.

“Gasto,” baba mdogo akasema, “tuna wageni.”

“Wataacha, baba mdogo.”

Nikaongeza mafuta. Mluzi ukapanda, nao wakaanza kukimbia. Nikapunguza. Mluzi ukashuka, wakatufikia, na yule mwenye paji jeupe akaingiza ulimi kwenye uwazi wa buti. Gunia lilikuwa limetoboka. Akaonja. Nadhani akawaambia wenzake, maana kuanzia hapo hapakuwa na ng'ombe aliyebaki shambani.

Hapa ndipo mtu mwenye akili anauliza: si usimame tu? Nimejiuliza mwenyewe njia nzima ya kurudi. Nikizima, hakiwaki. Nikisimama bila kuzima, wanatuzunguka. Na nikishuka kwenda kukichomoa kile kifilimbi, baba mdogo ataona ni kifilimbi. Nilikuwa nimeshamdanganya mtu mzima mwenye koti. Basi nikaendelea kuendesha. Gari lenye injini ya Chidi lingewaacha. Gari lenye tabo ya Sule ya kweli lingewaacha. Mimi nilikuwa na sauti tu, na sauti ndiyo waliyoipenda.

Mbali nyuma, kwenye vumbi, jamaa mmoja mwenye shuka na fimbo alikuwa anakimbia huku anapunga mikono na kupiga kelele. Baba mdogo akampungia. “Watu wa huku wakarimu sana,” akasema.

Tukakata kona ya mwisho. Kituta kile pale, na juu yake ukoo mzima. Viti vimepangwa. Mzee Maduhu katikati, shati jeupe. Minza pembeni na gauni alilolishona mwenyewe kwa ajili ya leo, la bluu, na moyo wangu ukaruka, nasema tu ilivyokuwa.

Nao wakatuona sisi. Kigari mbele. Nyuma ya kigari, kundi zima la ng'ombe, wamefuata kwa nidhamu.

Sasa nyie mnajua Wasukuma wanaoa kwa kitu gani. Kama hamjui: kwa ng'ombe. Na sisi tulikuwa tumekuja kusikia jibu tu, mahari haijatajwa bado. Hebu fikirieni walichokiona pale juu.

Vigelegele! Kina mama wakasimama. Shangazi mmoja akatupa kanga hewani. Mama mkwe, ambaye kwa mila yao hatakiwi kukaribiana na mkwe, alikuwa nyuma ya nyumba, simwoni, lakini kigelegele chake nilikisikia kuliko vyote. Na Minza akashika mdomo kwa mikono miwili, akanitazama jinsi ambavyo sijawahi kutazamwa na mtu.

Nikakanyaga mafuta yote kupanda kituta. Kibiriti kikafika katikati. Palepale pa zamani. Kikakohoa, kikazima.

Nikavuta breki ya mkono. Ng'ombe wakasimama nao, wakaanza kulamba buti.

“Baba mdogo,” nikanong'ona, “tuwaambie ukweli sasa hivi.”

“Nyamaza,” akasema. “Umesikia vile vigelegele? Vile si vya kurudisha.” Akashuka, akaliweka koti vizuri, akanyoosha mkono kuwaelekea ng'ombe. “Wazee wetu! Akina mama! Sisi watu wa Ifakara hatukuja mikono mitupu!”

Vigelegele tena. Mimi nilikuwa ndani ya gari nimeshika usukani. Nilitamani kuwa gunia.

Mzee Maduhu akateremka polepole. Alitupita, akaenda moja kwa moja kwa ng'ombe. Akazunguka. Akashika pembe, akapapasa mgongo, akainama akatazama kwato. Hana haraka kabisa.

“Wazuri,” akasema.

“Ahsante, Mzee,” baba mdogo akajibu.

“Wamenona.”

“Tunawatunza wenyewe. Kwa pumba za mashine.” (Ilikuwa kweli kwamba walikuwa wanakula pumba. Tangu nusu saa hivi.)

Mzee akamgusa yule mwenye paji jeupe. “Na huyu mnamwitaje?”

Baba mdogo akafunga kifungo cha koti. “Huyu... tunamwita Posa.”

Mzee akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika. Akarudi hatua chache, akasimama, halafu akaita kwa sauti ya kawaida tu: “Meneja.”

Yule dume akaacha kulamba buti. Akageuka, akamwendea Mzee, akaweka kichwa chake chote kifuani mwake na kufumba macho.

“Huyu anaitwa Meneja,” Mzee akasema. “Ni maksai wangu wa kulimia. Alizaliwa pale nyuma ya jiko, mvua inanyesha, nikamfunika kwa koti langu.” Akatutazama mmoja mmoja. “Kwa hiyo mmekuja kumposa binti yangu kwa ng'ombe wangu?”

Jamani.

Nilidhani huo ndio mwisho wa aibu. Haukuwa mwisho. Kwa sababu wakati huohuo yule jamaa mwenye shuka akafika, anahema, jasho tupu. Alikuwa ni Shija, kaka yake Minza, ndiye aliyekuwa machungani. Alikwenda kuchota maji, aliporudi hakuna ng'ombe.

“Baba! Kuna kigari kimeiba ng'ombe! Kinawaita kwa mluzi!” Akageuka. Akaona. “Ni hiki! Na huyu mzee mwenye koti alikuwa ananipungia!”

Vigelegele vilikuwa vimeisha siku nyingi. Shangazi alikuwa anaokota kanga yake. Nikamtazama Minza. Alikuwa ameshusha mikono, na uso wake sikuweza kuusoma, na hapo nikaogopa kweli. Si kwa ajili ya wizi wa ng'ombe. Niliogopa kwamba nimemwaibisha mbele ya watu wake, na neno la baba yake lilikuwa njiani linakuja.

Nikashuka.

“Shikamoo Mzee. Ng'ombe ni wako. Sikuwaiba. Wamefuata ekzosi.”

“Wamefuata nini?”

Nikawapeleka wote nyuma ya gari. Nikachukua praizi na kitambaa, nikapiga magoti, nikashika kile kifilimbi kisichotoka hata kwa maombi. Kikatoka chenyewe. Skrubu ilikuwa imeshaanguka zamani kwa mtikisiko. Ningeweza kukichomoa kwa vidole tangu Lupiro.

Nikaeleza yote. Injini ya Chidi, tabo ya Sule, heshima. Baba mdogo alikuwa ananitazama kwa huzuni ya mtu aliyefunga mkanda bure.

Mzee akakichukua kifilimbi, akakigeuzageuza. Akakifuta kidogo kwa kidole, akakiweka mdomoni, akapuliza.

Fiiiiiii.

Ng'ombe wote wakainua vichwa.

“Huo ni mluzi wa maji,” Shija akasema taratibu. “Ndio tunaowapigia wakifika mtoni wanywe. Uleule kabisa.”

Mzee akakitoa mdomoni. Na mdomo wake ulikuwa mweusi tii, duara zima la masizi ya ekzosi, kama mtoto aliyekula ukoko wa sufuria. Hakujua. Wote tukaona. Hakuna aliyesema. Shangazi alitazama mbinguni. Nyuma ya nyumba nikasikia mama mkwe, ambaye nadhani alikuwa anachungulia, akikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

“Kwa hiyo,” Mzee akasema na ule mdomo, “huna injini mpya.”

“Sina, Mzee.”

“Na tabo huna.”

“Sina.”

“Una filimbi.”

“Ndiyo, Mzee.”

“Tangu nikwambie ukajipange, ulikuwa unafanya nini?”

“Nilikuwa naamua.”

“Na mpaka leo?”

“Bado naamua, Mzee.”

“Na binti yangu? Kuamua kwamba ni yeye, ulichukua muda gani?”

Jibu lilinitoka kabla sijalipanga. “Siku hiyohiyo. Nilipeleka shati apunguze kola. Hajamaliza hata kunipima shingo, nilikuwa nimeshaamua.”

Hapo sikuwa natania, na hapa sitanii. Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na hakuna fundi niliyemuuliza. Minza aliinamisha uso. Nilipoona mabega yanamcheza nilidhani analia. Alikuwa anacheka, lakini machozi yalikuwepo pia.

Mzee akamgeukia Meneja, akamkuna shingoni kama anayeshauriana naye. “Basi shida yako ni vyuma tu,” akasema. “Kwa watu una haraka ya kutosha. Jibu langu ni ndiyo. Ila ng'ombe utaleta wako, na mwambie huyu mshenga wako asiwape majina.”

Vigelegele vya tatu. Hivi vilikuwa vya kwetu.

Baba mdogo, ambaye hawezi kuliacha jambo jema lilivyo, akauliza: “Na yale mafuriko, Mzee?”

“Mafuriko yakija watanipigia simu, nitamtuma Meneja. Na wewe, Gasto. Hicho kigari usikiongeze nguvu hata kidogo. Injini usibadilishe, tabo usifunge. Siku ukitaka kunikimbia na binti yangu, nataka ng'ombe wangu wakukamate kwa kutembea.” Kifilimbi akakitia mfukoni mwa shati lake jeupe. Sikukiomba.

Sasa, picha. Kibiriti kilikuwa bado katikati ya kituta, hakiwaki. Shija akaleta nira na mnyororo wa plau, akamfunga Meneja na mwenzake, akaunganisha kwenye ndoano ya mbele. Mimi nikaambiwa nikae ndani nishike usukani. Mzee akasimama pembeni ya boneti akiongoza. Wakavuta mara moja tu, Kibiriti kikapanda kile kituta kama hakijawahi kushindwa. Minza akapiga picha, akaituma kwenye kundi la gereji, kwa sababu nguo za kazi za Chidi na Sule anazishona yeye na wote wawili anawajua walivyo na mdomo.

Chidi akajibu kwanza: “Hatimaye umebadilisha injini. Nilisema.”

Sule akafuatia: “Tabo je, imefika salama?”

Wakati wa kurudi tulisukumwa na ukoo mzima kuteremka kituta mpaka kikawaka. Hakuna mluzi. Pale Lupiro vijana wa bodaboda wakatusimamisha.

“Bro, mbona kimya? Tabo iko wapi?”

Nikamtazama baba mdogo. Akatazama upande wa mto.

“Nimeiacha ukweni,” nikasema, na nikaondoka kwa gia namba moja.

Kwa hiyo ndugu zangu, picha ikiwafikia: ng'ombe wawili, mnyororo, mimi nyuma ya usukani uso makini kama naendesha. Chekeni mnavyotaka, nimeshakubali. Ombi langu ni moja tu, msije mkamtumia Mzee Maduhu. Ndiyo yake bado mbichi, na kwenye ile picha mdomo wake ni mweusi tii, na mpaka tunaondoka hakuna aliyekuwa amemwambia.